Mizunguko Minne

"Hivi wewe Eluned, chai yote hiyo unayopeleka gerejini, wanainywa kweli au unaenda kuwapeleleza?"

Ndivyo jirani yake Tegwen alivyomuuliza siku moja, kichwa juu ya ukuta wa mawe unaotenganisha nyua zao, huku anaanua shuka. Eluned alicheka, akajibu kwamba birika halijawahi kurudi na chai. Ukweli wenyewe ulimtia aibu kidogo, mwanamke wa miaka sitini na minne, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani Seion. Alikuwa akienda kusikiliza nati.

Kwa miaka ishirini na saba marehemu mumewe, Gwilym, alikuwa fundi wa matairi kwenye gereji ile, pamoja na mdogo wake Meirion. Gwilym hakugusa bunduki ya upepo, ile mashine ya kukazia nati, kabla ya kuifunga kila nati kwa vidole, na kila mzunguko aliuhesabu kwa sauti, kama mtu anayepitisha kondoo langoni. Nati isiyoingia mizunguko minane haijaingia, alikuwa akisema, hata ukiikaza mpaka mishipa ya shingo ikutoke. Siku za kazi nyingi Eluned ndiye aliyemshikia kopo la nati. Kifua kilimmaliza Gwilym, mwaka wa sita sasa, na gereji ikabaki kwa Meirion. Lakini masikio ya Eluned hayakuwahi kuacha kazi.

Ijumaa hiyo ya mwezi wa tano alikwenda na sinia lake kama kawaida, vikombe vinne na vikeki vya zabibu alivyokaanga asubuhi. Ndani, juu ya jeki, lilikuwa gari la binti yake Nia. Gari dogo la michezo, viti viwili, halina paa, halina redio, halina hata zulia, kwa sababu Nia aling'oa kila kilo aliyoona inaweza kung'oka. Ukiliegemea unalihisi likiyumba. Kesho yake kulikuwa na mbio za kupanda Bryn Hafod, mlima wa kona tisa, na mwaka uliopita Nia alishindwa kwa nusu sekunde na kijana wa bonde la pili. Nusu sekunde hiyo haikumtoka rohoni mwaka mzima.

Ndipo baba yake mdogo, Meirion, alipojitolea kumtafutia rimu za aloi. Kila moja ilikuwa nyepesi kuliko ile ya chuma kwa kilo tatu na zaidi, na Jumapili iliyopita, pale nje ya mlango wa kanisa, Meirion ambaye ni shemasi aliwatangazia watu wote, na biblia bado iko kwapani: "Jumamosi mje muone rimu zangu zinavyopanda mlima." Rimu zake. Eluned aliyasikia hayo akanyamaza, maana ilikuwa Jumapili.

Sasa aliweka sinia juu ya pipa la mafuta, akasimama kando. Nia alikuwa ameinama ndani ya gari akirekebisha mkanda wa kiti. Idwal, muuza chakula cha mifugo, asiyekosa mahali penye chai, alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu akisimulia habari za kondoo dume wake. Meirion alipachika rimu mpya mbele kulia, akaizungusha kwa kiganja.

Krrr.

Ilikwaruza breki. Meirion akaisimamisha haraka. Akageuza macho kumtazama Nia, kisha Idwal. Hakuna aliyeona. Hakugeuka upande wa pipa. Akaivua rimu, akaenda kwenye rafu, akarudi na kibapa cha duara chenye matundu manne, kinene kama penseli. Spesa. Akakichomeka kwenye stadi, zile bolti zinazopokea nati, akairudisha rimu juu yake, akazungusha tena. Kimya, rimu ikapita vizuri. Akatabasamu peke yake.

Kisha akaanza kufunga nati kwa mkono, na Eluned akahesabu. Hakukusudia, kichwa chake kilihesabu chenyewe. Moja, mbili, tatu, nne. Ikagota. Ya pili: moja, mbili, tatu, nne. Ikagota. Ya tatu hivyohivyo, na ya nne. Halafu bunduki ya upepo ikanguruma na hakuna kilichosikika tena.

Hesabu yenyewe haikuhitaji mwanachuo. Kile kibapa kilikuwa kimesukuma rimu nje, na stadi hazikurefuka. Gurudumu zima la mbele, la gari litakaloingia kona tisa kwa kasi ya kichaa, lilishikiliwa na ncha tu.

Eluned alijilazimisha kuongea taratibu. Alimsogelea akainama karibu na sikio lake, kwa heshima, ili asimwaibishe mbele ya watu.

"Shemeji. Nati zimeingia mara nne tu."

Meirion hakuinua kichwa. "Umeleta sukari, shemeji?"

"Nimeleta. Nasema nati zimeingia mara nne."

"Nimekusikia. Na mimi nasema naomba vijiko viwili." Akahamia gurudumu la kushoto. "Idwal, umeona? Gwilym amekufa ila mkaguzi wake bado anakuja na sinia."

Idwal akacheka huku kikeki kimemjaa mdomoni. Eluned akahisi uso ukipata moto. Akamwomba Bwana amshikie ulimi, na Bwana akaushika, kwa muda. Akasimama palepale akamtazama Meirion akifanya kosa lilelile upande wa pili, kibapa kilekile, mizunguko ileile minne, na safari hii alikuwa akipiga mluzi. Mluzi wa wimbo wa kanisani! Hilo ndilo lililomkera kupita yote.

"Toa hicho kibapa, Meirion." Neno shemeji lilikuwa limeshaondoka.

Nia akatoa kichwa ndani ya gari. "Kuna nini?"

"Rimu hazikutoshea breki. Baba yako mdogo amezisukuma nje kwa kipande cha bati, sasa nati hazina pa kushika."

"Si bati," Meirion akasema, "ni spesa, inauzwa dukani, watu wazima wanaitumia. Nia, mwambie mama yako hapa si kwaya, huwezi kuingilia kila mstari."

"Mama, tafadhali," Nia akasema. "Usinitie aibu leo."

"Nikutie aibu utaisahau. Wakikuokota kwenye kona ya sita nani atasahau?"

"Mnaona sasa!" Meirion akasimama, akanyoosha kiuno, akageukia watu kama aliye mimbarini. "Haya ndiyo ya kaka yangu. Mtu mwema Gwilym, Mungu amrehemu, lakini tuseme ukweli, alikuwa mwoga. Alizihesabu nati kama mwanamke anavyohesabu shanga. Ndiyo maana alikufa fundi wa matairi."

Hapo ndipo Bwana alipouachia ulimi.

"Mwoga?" Eluned aliuliza kwa sauti ambayo Idwal alisema baadaye hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu wa Seion. "Mwoga, huyo aliyelala chini ya magari ya watu wa bonde hili zima miaka ishirini na saba, na hakuna gurudumu hata moja lililochomoka? Wewe uliyekuwa unakwenda kunywa pombe na yeye akirudia kazi yako nyuma yako? Nani alikuwa anarudia kazi yako, Meirion? Sema mbele ya Idwal. Mimi ndiye niliyeshika kopo!"

Meirion akawa mwekundu mpaka masikioni. "Toka kwenye gereji yangu."

"Nitatoka. Niambie kwanza, kesho nani anakagua magari kabla ya mbio?"

Idwal, ambaye hakujua kuwa ni wakati wa kunyamaza, akajibu kwa niaba yake: "Si ni Meirion mwenyewe! Ndiye mkaguzi wa chama cha mbio, mwaka wa nne huu."

"Mfungaji ni yeye na mkaguzi ni yeye," Eluned akasema. "Atajisainia mwenyewe. Baina ya mtoto wangu na ule mlima hakuna jicho lingine, ila langu na la Mungu."

Akainua spana ya tairi kutoka sakafuni. Meirion akanyoosha mkono amzuie, lakini aliona jinsi Eluned alivyoishika akaurudisha mkono. Eluned akaiweka kwenye nati ya gurudumu la kulia, akaegemeza uzito wake wote, nati ikalia, ikalegea. Akatupa spana. Akaimalizia kwa vidole, taratibu, akihesabu kwa sauti kubwa kama alivyokuwa akihesabu Gwilym.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Nati ikaangukia kiganjani mwake. Akaivuka sakafu, akamwonyesha binti yake.

"Nyingine zote ni hivihivi. Kwenye rimu zako za chuma zinaingia mara kumi. Nenda kahesabu."

Nia aliitazama ile nati, kisha akamtazama Meirion. "Ba'mdogo?"

"Zinashika," Meirion akasema. "Nimefunga hivyo mara mia. Na stadi ndefu nimeshaagiza, zinafika Jumanne. Hii ni kwa kesho tu."

"Kumbe umeagiza." Sauti ya Eluned ilishuka, na ilivyoshuka ndivyo ilivyozidi ukali. "Kwa hiyo unajua. Hukukosea. Umejua tangu mwanzo kwamba hizi hazitoshi, na bado ulikuwa unapiga mluzi."

"Watu wote wanajua rimu zinapanda kesho! Nimewaambia nini? Niwaambie Meirion ameagiza saizi isiyotoshea?"

Basi lilikuwa hilo tu. Eluned alimtazama mtu huyu aliyegawa mkate wa meza ya Bwana mwezi uliopita, na akaona kwamba kweli, moyoni mwake alikuwa amepima kichwa cha Nia na maneno aliyoyasema nje ya mlango wa kanisa, na maneno ndiyo yaliyozidi.

Lakini aliyemuumiza zaidi ni Nia, kwa sababu Nia alikuwa bado anasita. Nusu sekunde ile ilikuwa machoni pake.

"Mama, mlima wenyewe ni dakika moja na kidogo," alisema. "Dakika moja, Mama. Na Ba'mdogo amefanya kazi hii tangu sijazaliwa. Kama anasema zinashika, zinashika."

"Asante, mwanangu," Meirion akasema. Akaipokonya ile nati, akairudisha mahali pake, bunduki ikanguruma. Akateremsha jeki kwa hasira mpaka gari likadunda. "Imekwisha. Anayetaka kuhesabu akahesabu mbuzi."

Lilipendeza, huwezi kukataa. Lilikaa chini na rimu zake mpya zinang'aa kama masufuria ya harusi. Nia akaruka ndani bila kufungua mlango, akawasha, injini ikaunguruma mpaka kuta zikavuma. Uso wake ulikuwa umefunguka.

"Nimepata," alisema. "Ba'mdogo, panda. Twende mpaka darajani na kurudi, mwendo wa kesho, ule hasa. Mama asimame hapa mlangoni aone mwenyewe kwa macho yake, kisha aende nyumbani alale."

Hakuwa na hila. Alikuwa akimtetea Meirion. Alikwisha kushika mkanda wa kiti cha pili, amemshikia.

Meirion alikuwa akijifuta mikono. "Nina gari la mtu nje, anakuja saa kumi."

"Ni dakika nne tu."

"Mgongo wangu, Nia. Viti hivyo viko chini mno."

"Wiki iliyopita si ulikaa? Tulikwenda mpaka sokoni."

"Panda bwana," Idwal akasema, "nikushikie chai yako."

Meirion akacheka kidogo, kicheko hakikwenda popote. Akasogea hatua moja. Hakulitazama gari wala Nia. Alikuwa akilitazama gurudumu la mbele la kulia, na aliendelea kulitazama, na kitambaa mikononi mwake kikawa hakifuti tena. Kinywa cha Eluned kilikuwa kimejaa, hasira yote ya leo na ya miaka ya nyuma yake, lakini aliuma meno akaacha kimya kifanye kazi.

Mkono wa Nia uliokuwa umeshika mkanda ulishuka polepole. Akazima injini.

"Ba'mdogo," akasema. "Panda."

Meirion akakiweka kitambaa juu ya pipa, kando ya sinia, akachukua koti lake msumarini, akatoka nje ya gereji yake mwenyewe, akashika njia ya kuelekea mtoni.