Pikipiki Isiyonguruma

Kaka yangu walimwita Jiko, maana pikipiki yake ya zamani ilitoa moshi kushinda majiko yote ya mtaani. Ilipokufa ilikufa moja kwa moja, yeye akabaki kuosha pikipiki za wenzake pale kituoni. Kwa hiyo fundi wa kampuni ya pikipiki za umeme alipokuja na moja ya majaribio, Jiko alinyoosha mkono kabla hajaulizwa.

Waendesha bodaboda wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Hiyo si pikipiki, ni pasi yenye magurudumu!"

"Jiko, ukikwama mlimani usitupigie sisi. Mpigie fundi umeme!"

Mwenyekiti wa kituo akawanyamazisha. "Aende hospitali kuu na kurudi, na abiria, kwa betri hiyo hiyo. Akirudi anaendesha, tunazipokea, na hii ni yake. Akirudi anasukuma, fundi azipeleke kituo kingine. Haya, abiria nani?"

Ghafla kila mtu akawa na shughuli na simu yake. Mimi nilikuwa nimemletea kaka chakula tu.

"Mimi," nikasema.

Jamani, ile safari! Hakuna kunguruma, hakuna moshi. Nilisikia mtu akipiga chafya ndani ya basi tulilolipita. Kaka alicheka peke yake kama mtoto.

Lakini nilikuwa nachungulia kioo kidogo cha mbele kinachoonyesha betri, juu ya bega lake. Njia yetu ni milima na mabonde, na namba ya betri, iliyoanzia mia, ilikuwa inashuka. Tulipofika geti la hospitali ilikuwa chini ya nusu.

"Kaka, tutafika?"

"Nyamaza. Maneno nayo yana uzito."

Tukageuza. Sasa, waendesha bodaboda wa kwetu wote wana mtindo mmoja: wakianza kuteremka, wanazima injini, pikipiki inaserereka bure, petroli inabaki. Kaka alifanya hivyo tangu tulipoanza safari. Ila kwenye mteremko wa kwanza wa kurudi kulikuwa na lori mbele yetu, linatambaa kama linahesabu mawe. Akashika breki, akasahau kuzima.

Namba ikapanda. Thelathini na mbili, thelathini na tatu, thelathini na nne.

Nikadhani macho yangu yananidanganya. Nikasubiri mteremko mwingine. Mteremko wa pili akazima kama kawaida, kioo kikawa cheusi. Alipowasha kule chini, namba ilikuwa ile ile. Mteremko wa tatu, kidole chake kikaenda kwenye swichi, nikamfinya.

"Usizime!"

"Umechanganyikiwa? Umeme utaisha!"

"Unarudi! Ukiacha iwake, ukashika breki, namba inapanda. Nimeangalia vizuri."

"Tangu lini wewe unajua betri?"

"Betri siijui. Namba nazijua."

Akaguna, lakini hakuzima. Tukateremka polepole, breki imeshikwa kidogo. Ikapanda moja. Ikapanda nyingine.

"Weee!" Jiko akapiga kelele mpaka wauza mboga kando ya barabara wakasimama. "Mdogo wangu, inajijaza! Inajijaza yenyewe!"

Fundi hakutuambia. Nadhani hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu anazima pikipiki akiwa anaendesha.

Milima ya katikati ikaila betri, mpaka ukabaki mlima wa kituoni tu. Namba ikazidi kuanguka: nane, sita, tano. Pikipiki ikapunguza mwendo. Nikainama kana kwamba naisukuma kwa kifua. Juu niliona vichwa vimepangana, wengine wameshajiandaa kucheka.

"Njoo mama, njoo," kaka akaibembeleza. "Kidogo tu, mama."

Ikafika. Mwenyekiti akachuchumaa mbele ya kioo.

"Mbili," akasema. Kisha akasimama, akasema kwa sauti: "Zimebaki mbili! Kaja anaendesha!"

Aliyesema pasi akaomba aguse kiti. Jiko akawa anaeleza watu wote kwa pamoja kuhusu breki na mteremko, ananionyesha mimi kwa kidole. Fundi akachomoa betri, akachomeka iliyojaa, haraka kuliko kujaza tangi.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea. "Ndiyo hii isiyo na kelele? Mtoto ndiyo kwanza kalala. Nipeleke hospitali."

Kaka akamvalisha helmeti, akaondoka naye. Pikipiki haikusikika hata kidogo. Tuliyemsikia ni Jiko, anaimba kwa sauti ya chini ili asimwamshe mtoto, mpaka alipokata kona.