Mheshimiwa Jembe

Jumanne moja ya Septemba mwaka 1980, saa tatu asubuhi, Dafroza alikuwa amemaliza matuta manne ya mihogo na anaanza la tano, Skolastika alipofika shambani kuazima jembe. Skolastika alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mkutano wa kampeni ungeanza saa nne kwenye uwanja wa shule, na wagombea ubunge walikuwa wawili, wote wa chama kilekile, kila mmoja na alama aliyopewa: mmoja Nyumba, mwingine Jembe. Mgombea wa Nyumba hakuwa na shida. Angenyoosha kidole tu. Mgombea wa Jembe, Ndugu Apolinary Burito, alihitaji kitu cha kunyanyua juu, na hakuwa nacho, kwa sababu alikuwa karani wa ushirika anayeishi Kitaji mjini Musoma na mikono yake ilijua kalamu.

"Dafroza wee, tusaidie," Skolastika alisema. "Kijiji kizima watu wanafichaga majembe chini ya kitanda. Wewe peke yako ndio nimekukuta nalo wazi."

"Litarudi saa ngapi?"

"Mikutano yetu haichukuagi muda. Jioni hii hii utakuwa nalo."

Jembe hilo lilinunuliwa Manyamanyama, kule Bunda, na marehemu mume wake Nyamhanga, enzi ambazo mtu aliingia dukani akatoka na kitu. Sasa maduka ya Musoma na Bunda yaliuza dawa ya viatu na maelezo. Dafroza alikuwa mjane wa watoto watatu na hakuwa na jembe lingine. Alilitoa hata hivyo, kwa sababu Skolastika ndiye aliyeandika majina ya watu wa kupewa sukari.

Burito alilinyanyua jembe na watu wakalishangilia dakika nzima. Wengi walikuwa hawajaona jembe zima tangu mwaka juzi. Jioni halikurudi, maana vijiji vingine navyo vilikuwa vinalingoja. Siku ya kupiga kura, wazee walielewa kwamba hatimaye serikali inawauliza wanachohitaji, nyumba au jembe, na wakajibu kwa uaminifu. Wale ambao paa zao zilivuja walichagua Nyumba. Wengine wote walichagua Jembe, wakaenda kukaa barazani kusubiri.

Msimamizi wa uchaguzi, Ndugu Wanzagi, alikuwa mtu makini ambaye hakuwahi kuandika kitu asichokiona. Alipita vituoni akauliza watu wamemchagua nani. Wengi walisema Jembe. Hakuna hata mmoja aliyesema Burito. Akaandika Jembe kwenye fomu, akagonga muhuri.

"Lakini Jembe ni mimi," Burito alilalamika.

"Ndugu, wewe ni jembe?"

"Ni alama yangu."

"Sijauliza hilo," Wanzagi alisema, na shauri likaishia hapo.

Barua ya kumwita mbunge mteule ilifika baada ya wiki mbili, ikiwa na jina la Ndugu Jembe. Kwa kuwa mbunge hakuwa na miguu, Burito aliteuliwa kuwa katibu wake. Alilifuta udongo, akalifunga kwa shuka jipya, akapanda nalo basi hadi Mwanza na treni hadi Dar es Salaam. Inasemekana liliapishwa bila tatizo.

Muda mfupi baadaye ukatoka waraka kwamba Mbunge asitajwe tena kama kitu. Isisemwe jembe limefika. Isemwe Jembe amefika. Katika mkoa wetu waraka huo haukusumbua mtu, maana sisi ngeli tumezichanganyaga tangu zamani na hakuna aliyekufa. Aliyegoma ni Dafroza. Alikuwa amejifunza kusoma kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, na mwalimu wake alimkaririsha jembe li-, majembe ya-, mpaka akalia. Hakuwa tayari kuliacha jambo alilolililia. Sisi wengine tutatii waraka.

Basi Jembe alifanya kazi. Hotuba yake ya kwanza, iliyosomwa na Burito, ilihusu kilimo, na watu walikubali kwamba anajua anachozungumza. Aliwekwa kwenye kamati ya kilimo, kisha ya biashara, kisha ya kuangalia kamati nyingine. Kuhusu kura zake hakuna utata. Spika alipowataka wanaoafiki waseme ndiyo, Jembe alinyamaza. Alipowataka wasioafiki waseme siyo, Jembe alinyamaza vilevile, na karani wa kikao akamwandika upande wa ndiyo, kwa sababu ndiko walikokuwa wengi. Hivyo ndivyo alivyounga mkono bajeti tatu mfululizo, ushuru wa baiskeli, na ule muswada uliomtaka kila mwenye nguvu alime ekari moja ya pamba na moja ya mihogo, la sivyo apelekwe kazi za lazima.

Muswada huo ulifika kijijini ukiwa sheria. Danford, kijana aliyekuwa ofisa wa kijiji, alipita na fomu na kamba ya kupimia. Ekari za Dafroza zilikuwa vipande viwili vya kiasi cha uwanja wa kuanikia dagaa.

"Mama, mbona hujalima?"

"Jembe langu liko bungeni."

Danford aliitazama fomu. Palikuwa na nafasi ya sababu. Aliandika kwa mwandiko mzuri, "Jembe yuko kazini kitaifa," na Dafroza akasamehewa adhabu. Njaa haikusamehe. Ili kupata jembe siku moja, ilimbidi alime siku mbili kwa jirani yake Jeska, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na jembe. Mihogo ya Dafroza ikawa inapandwa mvua zinapokwisha. Watoto walikula mchana wakasubiri mchana mwingine. Alikuwa na hasira, na aibu ya kuwa na hasira, kwa sababu kijiji kizima kilimpongeza.

"Una bahati wewe," wanawake walimwambia kisimani. "Mtu wako yuko juu."

Mwaka 1984 Mheshimiwa alitembelea jimbo. Dafroza alitembea tangu alfajiri hadi Nyasho, mjini Musoma, akapanga mstari nje ya ukumbi pamoja na watu waliotaka zahanati, boti na kazi. Alipofika mbele alimkuta Jembe kwenye kiti cha kitambaa, amefungwa tai, na hakumtambua mara moja. Alikuwa amenenepa. Bapa lake, ambalo Nyamhanga alikuwa akilinoa mpaka linakata unywele, lilikuwa nene kuliko mkate wa mofa, na chini ya shingo palikuwa na kitambi cha chuma. Mpini ulikuwa umelainika. Alikuwa anakoroma.

"Ndugu Burito," Dafroza alisema, "nimekuja kuchukua jembe langu."

"Mama, huyu ni mali ya wananchi."

"Wananchi gani? Mimi ndio nililimaga nalo."

"Na wananchi wanakushukuru," Burito alisema, akampa kalenda.

Katika uchaguzi wa mwaka 1985 Dafroza alifanya kampeni yake mwenyewe, ya kwanza na ya pekee. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wachague Nyumba, ili jembe lishindwe lirudi nyumbani. Walimsikiliza kwa heshima, wakampa uji, wakachagua Jembe. Bado walikuwa wanasubiri. Skolastika alimwita pembeni akamuuliza kwa nini anamwonea wivu mtu wa kwao mwenyewe.

Kisha mambo yakafunguliwa. Ilitangazwa kwamba mwenye kuweza kuleta bidhaa alete, na asiulizwe sana alikozitoa. Mitumba ikafika, sabuni ikafika, na mjini Nyasho likafunguliwa duka lenye majembe mapya yaliyopangwa nyuma ya kioo, kila moja na karatasi yake ya plastiki. Duka lilikuwa la Burito. Watu wa vijijini walikwenda kuyaangalia Jumapili baada ya misa. Bei ya jembe moja ilikuwa inamfanya mtu mzima akohoe.

Ndipo ikaja siku ambayo Jembe alisema siyo. Katika miaka kumi na mitano ilitokea mara moja tu, kwa hiyo inafaa kuielezea. Mbunge mmoja wa mkoa mwingine alitoa hoja kwamba majembe elfu kumi yapelekwe kwa wakulima wa kando ya ziwa, wapewe kila kaya moja. Wanaoafiki walisema ndiyo kwa sauti nzuri. Spika alipowauliza wasioafiki, Jembe aliamka, akateleza kwenye kiti na kuanguka sakafuni. Kwa uzito aliokuwa nao, mlio ulisikika mpaka barabarani. Spika alisema kwamba kwa masikio yake wa siyo wameshinda, na hoja ikaanguka.

Burito aliifafanua kura hiyo kwenye mkutano wa hadhara. "Mheshimiwa ametafakari sana," alisema. "Ameona kwamba majembe yakizagaa ovyo, hadhi ya jembe itashuka."

Watu walipiga makofi, ila si kwa nguvu. Dafroza hakupiga. Alisimama akasema kwamba limekataa, limekataa wenzake wasije, na mwenyekiti wa mkutano akamsahihisha kwamba inasemwa amekataa. Mwaka 1990 Jembe alichaguliwa tena. Hata wale waliokwisha kukata tamaa ya kupewa jembe walisema angalau huyu tumemzoea.

Mwaka 1995 vyama vilikuwa vingi, kila kimoja na alama yake, na alama za zamani zikafutwa. Hakukuwa tena na mahali pa kumwandika Jembe. Alistaafishwa kwa hafla fupi. Mwezi Novemba gari jeupe lilikata kona kwa Dafroza, Burito akashuka na watu wanne wa kubeba.

"Mama, tumekurudishia mtu wako salama," alisema. "Tuliahidi jioni, na hii ni jioni."

Kweli ilikuwa saa kumi na moja.

Dafroza alisogea karibu, anatazama. Alimgusa Jembe begani, mahali ambapo palikuwa na alama ya nyundo ya fundi, akaikuta chini ya unene, na machozi yakamtoka kwa sababu alikuwa amelingoja miaka kumi na mitano na lilikuwa lenyewe kweli. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Asubuhi yake aliita wanawe wawili wakalisukuma shambani kwa toroli. Walilisimamisha kwenye udongo mbichi. Jembe aliutazama udongo, akasogea kando kidogo asichafuke, akaegemea mgomba na kulala. Walijaribu siku tatu. Siku ya nne wageni walianza kufika kumsalimia mstaafu, na wageni hawawezi kupokewa na mheshimiwa aliyelala kwenye matope, kwa hiyo wakamrudisha ndani. Kitanda kilikuwa kimoja. Dafroza akahamia kwenye mkeka, akawa anachemsha chai ya wageni.

Danford alikuja wiki iliyofuata. Sasa alikuwa mtendaji mwenye nywele za mvi, lakini sheria ilikuwa ileile na fomu ilikuwa ileile. Aliingia ndani kwanza, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, Mheshimiwa," akasubiri. Alipojibiwa kwa koromo alitoka taratibu akarudishia mlango.

"Mama, ekari yako haijafika hata robo."

"Sina jembe, mwanangu. Unajua."

"Ulikuwaga huna. Mimi mwenyewe nilikuandikia sababu miaka yote hiyo. Sasa nimemwona."

"Lile halilimi."

"Fomu haiulizi kama analima, mama. Inauliza kama yupo."

Alisema kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli. Aliandika. Adhabu ilikuwa siku tatu za kuchimba mitaro kwenye barabara ya Butiama, kuanzia siku ambayo Dafroza angekuwa tayari, isizidi mwisho wa mwezi. Alimsomea kwa sauti ya chini, kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi na mtu mkubwa amepumzika.

"Halafu mama," alisema akikunja fomu, "kule kila mtu anakujaga na jembe lake."

Dafroza alisaini jina lake lote, herufi kwa herufi. Kisha akaenda kwa Jeska. Masharti ya Jeska hayakuwa yamebadilika, siku mbili kwa moja, na hivyo siku tatu za adhabu zikawa tisa.