Kitabu Asichotaka Kukimaliza

Mume wangu Kibwana alikuwa hodari wa kukosea. Kila asubuhi alisimama katika ua wa boma la Kilwa, tarumbeta mdomoni, kitabu cha Wadachi kimefunuliwa mbele yake juu ya sanduku tupu la risasi. Alipiga zoezi vizuri mpaka akafika pale pa juu. Hapo sauti ilipasuka, mwalimu wake akatukana kwa lugha ya kwao, na kesho yake wakarudia ukurasa uleule.

Mwalimu huyo tulimwita Bwana Kidole, maana alihesabu mapigo kwa kidole kimoja tangu asubuhi mpaka jua kali. Alimtwaa Kibwana mjini kwa nguvu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimpigia jumbe baragumu, na kifua chake kila mtu alikijua. Mtu aliyeamsha mji mzima kwa pembe, leo watoto wanamwigiza kwa kubana pua. Kisimani wake wa askari waliniuliza kama mume wangu ana kikohozi au kameza dagaa mzima. Nilicheka nao, lakini iliniuma sana.

Kosa lile ndilo lililotuweka hai. Bwana Kidole alitamka mbele yetu sote kwamba mpiga tarumbeta haendi vitani kabla ya kumaliza kitabu. Na vita vilikuwa vimewaka kwetu, milima ya Umatumbi, upande wa Kipatimu, ambako kaka yangu Likwata alikuwa amekunywa maji ya dawa. Kibwana akimaliza kitabu, atapelekwa kuwapigia askari wakamuue shemeji yake. Akitoroka, nitanyongwa mimi. Ndiyo sababu tuliwekwa katika vibanda vya ndani ya ukuta, na hata kisimani tulisindikizwa na bunduki. Ikabaki njia moja tu, kwenda polepole.

Usidhani polepole ni kazi ya mvivu. Asipoonyesha maendeleo alichapwa kiboko. Akionyesha mengi, safari. Basi alijipimia. Alijua zoezi lipi alipatie na lipi alikwamie, ili Bwana Kidole aridhike kidogo na kukata tamaa kidogo. Nilipomkanda mgongo kwa mafuta ya nazi alinung'unika, na si kwa maumivu.

"Adija," aliniambia, "midomo yangu inanidharau."

Kitabu kilianza na mazoezi ya pumzi, kisha ikaja milio ya kazi: kuamka, kukusanyika, kusonga mbele, kufyatua risasi. Hiyo alikuwa ameshafundishwa. Kurasa za mwisho hakuzigusa. Nilimsihi achungulie japo tujue yaliyomo, akakataa katakata. Alikuwa mtu wa chuo cha Kurani, na chuoni mwanafunzi hafunui mbele kabla mwalimu hajasikia aliyonayo. Tena chuoni sura fupi huanza, nzito hufuata nyuma. Ikiwa kufyatua risasi kuko katikati, alisema, huko mwisho kuna balaa gani? Nikaona ana akili. Tukaziogopa kurasa zile sote wawili, na kila siku aliyokosea nilimshukuru Mungu.

Kisha mpiga tarumbeta wa kikosi, Msudani mmoja mpole, akashikwa na homa akafa. Bwana Kidole hakukumbuka tena maneno yake. Alisema kusonga mbele anakujua, kufyatua anakujua, basi inatosha. Akakifunga kitabu, na Kibwana akaondoka na kikosi mchana ule ule, hata chakula hakumaliza.

Nilibaki ndani ya ukuta nikitwanga mtama wa askari, na kila mchi uliposhuka nilimwona kaka yangu. Waliporudi, Kibwana hakunitazama. Aliketi kizingitini, akaanza kusema huku anatazama miguu yake.

Watu walikuwa wametoka pangoni mikono juu, wanawake mbele, na Likwata ameshika kitambaa cheupe. Ofisa mwenyewe aliwaona, akataka risasi zikome. Lakini askari walikuwa wametawanyika msituni pande mbili za bonde, sauti ya mtu haiwafikii. Kazi hiyo ni ya tarumbeta. Ofisa akamgeukia Kibwana, akamwamuru apige.

"Sikuwa nao," Kibwana aliniambia. "Mlio wa kuacha kupiga risasi, Adija. Nilikuwa sijafundishwa. Ofisa ananifokea, tarumbeta iko mdomoni, na mimi sinao."

Alipiga mlio wa kukusanyika, akidhani utawavuta watoke msituni. Uliwavuta kweli. Walishuka bondeni mbio kumfuata, wakipiga risasi njia nzima, na kaka yangu akafa na kitambaa chake mkononi.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Nilitaka kumchukia mume wangu, nikakosa pa kuanzia.

Kesho yake Bwana Kidole aliweka kitabu juu ya sanduku na kufunua mwisho. Nilikuwa mlangoni na ungo wangu. Alimwambia kuwa ule ndio mlio wa kuacha kupiga, akamwimbia mara moja kwa mdomo. Kibwana aliutazama ukurasa muda mrefu, kisha akapiga, mwanzo mpaka mwisho, bila kosa. Ulikuwa mlio mfupi tu, mwepesi, hata pale pa juu haukufika.

Bwana Kidole alifurahi. Alimpigapiga begani, akasema sasa amehitimu, kikosi kijacho ataondoka nacho.

Kibwana hakuishusha tarumbeta. Aliurudia mlio ule, akaurudia tena. Askari waliokuwa wakilenga shabaha nyuma ya boma waliacha kupiga, wakashusha bunduki zao, kama walivyofundishwa.