Sura ya Matanga

Bahasha ya kaki ilifika Baraka na gari la kutoka Uvira, na Anastasie aliifungua pale pale alipoipokea, watu wakimpita na magunia yao. Ndani ilikuwamo riwaya yake nzima. Aliiandika kwa miaka: mchana akifundisha Kifaransa shuleni, jioni akiandika Kiswahili nyumbani. Sasa mhariri wa Bukavu, bwana Isidore, alikuwa ameijaza wino mwekundu. Futa. Fupisha. Huyu mjomba ana kazi gani humu? Ila kwenye sura ya saba kalamu haikugusa kitu. Aliandika pembeni tu: "Hii usiiguse hata neno. Hii ndiyo itakayouza kitabu."

Sura ya saba ilikuwa ya matanga. Mwanamke wa Kazimia anafiwa na mumewe ziwani, anajigaragaza mchangani na kulia kwa maneno mazuri, kurasa baada ya kurasa. Anastasie aliiandika Norbert, mume wake, angali hai. Norbert ndiye aliyekuwa msomaji wa kwanza. Aliisoma uani, amekaa juu ya pikipiki yake ya kubebea abiria, akicheka na kujifuta macho.

"Na mi nikikufa, utanililia hivi?"

"Zaidi ya hivi," Anastasie alimjibu.

Mswada ulikuwa umeshakwenda Bukavu Norbert alipogongana na lori la mbao kwenye mteremko, njia ya Misisi. Waliokuja na habari walimkuta Anastasie anasahihisha dictée za wanafunzi, imla za Kifaransa. Akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamalizia karatasi iliyokuwa mkononi, akaandika alama, akafunika kalamu. Kwenye matanga watu walilala uani chini ya turubai, wanakwaya wakaimba mpaka sauti zikawakauka, na yeye alikuwa anatafuta kifuniko cha sufuria kubwa ambacho mtu fulani alikiulizia. Alikitafuta sana. Alipokipata chini ya kitanda alifurahi, furaha ya kweli kabisa. Chozi halikutoka siku hiyo wala siku zilizofuata. Wanawake wa ukoo wa Norbert waliona, wakasema kwanza kwa macho, halafu kwa midomo.

Kwa hiyo alipoketi na bahasha ile, kazi haikumwia ngumu kama alivyoogopa. Alimfuta mjomba. Zamani alimpenda mjomba yule kuliko wote kitabuni, alikuwa akicheka peke yake akimwandika. Sasa alimpitishia mstari kama mtu anayefuta ubao somo likiisha. Alikata harusi, akakata safari ya Lusenda. Hakuona uchungu, hakuona raha. Alipofika sura ya saba aliisoma kama anavyosoma maandishi kwenye pakiti ya sabuni. Hapakuwa na kosa la lugha. Hapakuwa na mtu ndani yake pia.

Jumamosi mama mkwe wake, Mama Dorothée, alishuka kutoka Fizi. Tangu mazishi alikuwa hajakanyaga nyumba ile. Aliweka chini fungu la sombe, majani ya muhogo ya kupika, akakaa.

"Mama Tania," alisema, akimwita kwa jina la mjukuu, "Norbert aliniambiaka mu kile kitabu chako iko matanga. Unisomee."

"Ni ya kubuni tu, Mama. Habo bantu habako."

"Unisomee."

Anastasie akasoma. Ukurasa wa pili haujaisha, mzee yule alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika. Sura ilipokwisha alijifuta uso polepole.

"Kumbe unajuaka kulia," alisema. "Ule mwanaume haiko hata muntu, unamulilia vile. Mutoto wangu, hapana."

"Ndiyo, Mama."

"Ndiyo nini?"

"Njo vile. Sikulia."

Anastasie alingoja maneno yale yamwume. Alimwona kuku anadonoa sombe, akamfukuza. Mama Dorothée aliondoka bila kuonja chai.

Jioni ile ile Anastasie alichukua sura ya saba akaichana. Aliandika nyingine, fupi, ambamo mjane hajigaragazi wala hasemi neno zuri hata moja. Anatafuta kifuniko cha sufuria. Alizipiga picha zile karatasi na kuzituma Bukavu kwa simu, na kesho yake Isidore alipiga.

"Madame Anastasie, umefanya nini? Nilikuambia usiguse!"

"Najua."

"Wasomaji wanataka kulia, madame."

"Walie. Yeye halii."

"Mwanamke gani anafiwa na mume wake halafu halii?"

"Mimi," Anastasie alisema.

Isidore alimpa pole, akasema hakujua, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. Lakini alikuwa mhariri. Kabla ya kukata simu aliongeza kwamba sura ile mpya imekauka, kuna kitu kinakosekana, aitazame tena. Anastasie aliitazama tena. Aliona kwamba ni kweli, na hakujua ni kitu gani.

Alipanda Fizi mwenyewe. Angeulizwa sababu asingeweza kuitaja, pengine ni kwamba hakuwa na mwingine wa kumsomea. Mama Dorothée alikuwa anamenya mihogo, na Anastasie alipoanza kusoma hakuacha kumenya. Sura ilikwisha. Kisu kiliendelea.

"Na chakula?" mzee aliuliza.

"Chakula gani, Mama?"

"Ule mwanamke. Alikula?"

"Hakula."

Mama Dorothée aliweka kisu chini.

"Andika alikula. Siku tulizika Norbert, mi nilikula. Nililia mbele ya bantu, kisha nikaingia mu jikoni, nikafunga mulango, nikala bugali na samaki ya mikebuka. Nikaongeza tena. Nilikuwa na njaa, Mama Tania, njaa ya kuniua. Siyaambia muntu mpaka leo."

Anastasie aligeuza karatasi, akaandika nyuma yake: Alikula. Aliongeza tena. Kisha akauliza, "Ilikuwa na pilipili?"

"Mingi."

Akaandika na hilo. Hawakukumbatiana. Mama Dorothée alimsogezea kisu cha pili na mihogo iliyobaki, wakamenya wote mpaka beseni likajaa.

Alipoituma tena sura ile, safari hii Isidore hakubishana. Alisema kitabu kitatoka baada ya mvua, na Anastasie alimshukuru kwa sauti ya mtu anayepokea habari za jirani. Jumamosi zilizofuata mama mkwe wake aliendelea kushuka Baraka ili asomewe sura nyingine. Alikuwa akikaa karibu na mlango, miguu ameinyoosha, na chai alikuwa anakunywa. Anastasie alisoma. Chozi lilikuwa bado halijaja, na kati yao hapakuwa na aliyeliulizia tena.