Butle na Ubeti wa Nne

Siku ya Sikukuu ya Farasi, mji wote wa Letlapeng huamka na wazimu mmoja. Wanaume ambao mwaka mzima hawajui chanuo liko wapi huonekana wakichana mikia ya farasi. Akina mama hukaanga maandazi tangu alfajiri, na wageni waliopanda mlima kuja kuona maporomoko ya maji hununua kofia za majani wakidhani zitawakaa vizuri. Huwa haziwakai. Mwaka huu mipichi ilikuwa imechanua, jua lilikuwa limetoka, na uwanja ulijaa watu waliojifunga mablanketi ya kila rangi. Mtu mmoja tu hakuwa na raha, naye ni binti aitwaye Limakatso.

Alikuwa anamfunga farasi wake tandiko kwa mara ya tatu, ingawa tangu mara ya kwanza lilikuwa limekaza vizuri. Farasi mwenyewe aliitwa Butle. Kwa lugha ya huko maana yake ni polepole, na hajawahi kulikana jina lake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kumi na minne kati ya hiyo alikuwa akibeba wageni kwenda maporomokoni na kurudi, wanene kwa wembamba, waoga kwa wajuaji, na hakuna hata mmoja aliyeanguka.

Kisha mgeni mmoja alirudi kwao akaandika mtandaoni kwamba huko Letlapeng alipandishwa juu ya farasi mzee mpaka akaona aibu. Maneno yale yalimkuta Ntate Khoabane (huko baba huitwa ntate, na mama huitwa mme), mwenyekiti wa chama cha wenye farasi, akiwa mezani, na siku hiyo hakumaliza chakula. Jumapili iliyofuata akapitisha sheria: farasi yeyote aliyezidi miaka kumi na mitano lazima akimbie mbio za sikukuu mpaka maporomokoni, na arudi uwanjani kabla wimbo haujaisha. Asiporudi, anafutwa kwenye orodha ya farasi wa wageni. Farasi wa umri huo alikuwa mmoja tu. Na farasi aliyefutwa Letlapeng hana kazi nyingine. Lori la mnunuzi wa nyama kutoka bondeni lilikuwa limeshaegeshwa nyuma ya ghala la sufu, na dereva wake alikuwa anakula maandazi kwa utulivu ambao Limakatso aliuchukia.

Huko saa haijawahi kuamua mbio. Farasi wa kwanza akivuka kamba iliyolazwa mwisho wa mbio, kwaya ya mji huanza wimbo wa kuwakaribisha waliobaki: beti tatu, taratibu, sauti nne. Anayefika kabla ya neno la mwisho amerudi. Anayefika baada ya hapo, hata akija anaruka, hakurudi.

"Limakatso!" Ni Katiso huyo, bingwa wa mwaka jana, juu ya farasi mweusi anayeng'aa kama sufuria mpya. "Mwambie huyo mzee asije akalala njiani!"

"Mwenda pole hajikwai, Katiso."

"Hajikwai, lakini na kufika hafiki!"

"Basi ukijikwaa wewe, tutakuokota tukipita."

"Mtapita kesho kutwa!" Watu wakacheka. Limakatso naye akacheka, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Ntate Khoabane akasogea, amejifunga blanketi lake la sherehe. Alikuwa na sura ya mtu aliyelala vibaya. "Binti yangu, usinichukie. Ni heshima ya mji."

"Sikuchukii, Ntate. Ila huyo aliyeandika ningependa aje akimbie yeye."

"Sheria ni sheria."

"Mwache mtoto apande, Ntate," akasema mkewe, Mme Malineo, aliyekuwa nyuma yake katika sare ya kwaya. Yeye ndiye sauti ya kwanza, na hakuna kilima pale ambacho sauti yake haijawahi kukifikia. "Maneno yako ya mwaka huu umeshayamaliza."

Bendera ikashuka, farasi ishirini na wawili wakaondoka na vumbi lao.

Tuseme ukweli, Butle alianza vizuri kuliko alivyotarajiwa. Kwenye mwinuko wa kwanza akawapita farasi wawili vijana waliokuwa wanapigana na hatamu. Limakatso akainama shingoni mwake, akaanza kutumaini. Wakafika Mwamba Mwekundu.

Hapo ndipo wageni wote hupigwa picha na bonde nyuma yao. Butle akasimama. Hakupunguza mwendo, alisimama kabisa. Akageuza ubavu wa kushoto uelekee bonde, akainua shingo, akasimamisha masikio, akatulia, kama alivyofanya kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na minne.

"Butle, tafadhali. Leo hapana." Akampiga visigino. Akamvuta. Akamuahidi shayiri ya mwezi mzima. Butle akapepesa macho. Wale vijana wawili wakawapita wakicheka, mmoja akimpungia kofia.

Juu ya mwamba walikuwa wameketi wageni wawili wakimenya machungwa. "Jamani, hebu ona alivyosimama!" mmoja akasema, akainua simu. Kacha! Butle akashusha shingo na kuondoka mwendo wa mtu aliyemaliza kazi yake na kuona mwenzake anamchelewesha.

Limakatso alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Miaka yote hiyo alidhani yeye ndiye anayemwamuru Butle kuondoka, kumbe ni ile kacha ya picha.

Basi alipoyaona maporomoko kwa mbali, na umati uliojipanga ukingoni, akaanza kupiga kelele mapema: "Picha! Nipigeni picha! Upesi!"

"Haya!" akasema mzee mmoja. "Mbio zinakwenda, yeye anataka picha. Wasichana wa siku hizi!"

"Mpige, Ntate! Utanisema baadaye!"

Simu zikainuka, kacha kacha kacha, na Butle akasimama kidogo tu, kwa adabu, kisha akashika njia. Watu wakampigia vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Limakatso alikuwa anacheka kwa sauti, upepo umemjaa kinywani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliona kwamba inawezekana.

Wakiwa juu ya kilima cha pili akasikia uwanja ukilipuka kwa kelele huko chini, kisha kwaya. Katiso amefika. Ubeti wa kwanza umeanza.

"Twende, baba, twende." Butle akaenda. Alikuwa anatoka jasho, lakini miguu haikukosea jiwe hata moja. Farasi vijana wakimbiao njia ile huteleza, yeye anajua kila kokoto kwa jina. Walifika begani mwa mlima, na hapo Butle akasimama tena.

Hapakuwa na mgeni wala simu. Palikuwa na kaburi la mama yake Limakatso, lililozungushiwa mawe. Kila siku wakati wa kurudi, wageni wakitangulia kunywa maji kwenye chemchemi, Limakatso hushuka hapo na kumpa mama yake habari za siku. Butle hakuwa anasubiri picha. Alikuwa anamsubiri yeye ashuke.

Ng'ambo ya bonde ubeti wa pili ukaanza. Limakatso alikuwa na kiboko mkononi. Akakitazama, akaona haya, akakitupa. Akashuka, akapiga goti.

"Mama, ni mimi. Leo sina nafasi. Wanataka kumchukua Butle." Machozi yakamshuka, naye hakuyafuta. "Kesho nitakuja nikueleze vizuri. Kama nitakuja naye au peke yangu, sijui."

Pua yenye unyevu ikamgusa bega. Hivyo ndivyo Butle humwambia kwamba inatosha. Akapanda.

Ubeti wa tatu uliwakuta kijitoni. Limakatso aliujua wimbo ule tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, alijua maneno yaliyobaki kama mtu anavyojua hatua za kwenda mlangoni kwake gizani. Na mbele yao bado kulikuwa na shamba zima la mipichi, kisha uzio, kisha uwanja. Waimbaji wa besi wakauvuta mstari wa mwisho. Likaja neno la mwisho. Kimya.

Akalegeza hatamu. "Basi, mzee wangu. Tembea tu. Wewe umeshafanya kazi yako."

Ndipo sauti moja ikapanda peke yake, juu, safi, ikavuka mipichi yote. Ilikuwa inaimba ubeti wa nne, na wimbo ule hauna ubeti wa nne.

*Yuaja, yuaja, mlango msiufunge,*
*Aliyetubebea wageni, njiani msimtupe.*

Ni Mme Malineo. Kwa mstari mmoja mzima aliimba peke yake. Mstari wa pili kwaya ikamdaka, sauti zote nne, kana kwamba wameufanyia mazoezi tangu Krismasi.

"Wimbo una beti tatu!" Ntate Khoabane akafoka kutoka kitini.

"Leo una nne," akajibu mwalimu wa kwaya bila kugeuka.

"Twende, Butle!" Limakatso akapaza sauti, na Butle akaitupa miguu yake ya miaka kumi na tisa kati ya maua. Wa nne ukaisha wakiwa bado hawajafika kwenye uzio. Mme Malineo akavuta pumzi, akaanza wa tano, na sasa Limakatso alikuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno, pamoja na uwanja mzima.

*Khoabane naye kazeeka, magoti yanalia,*
*Akiinuka kitini asubuhi, jirani anasikia.*
*Mbona hatujamuuza? Mbona hatujamuuza?*
*Lori lipo, dereva yupo, mbona hatujamuuza?*

Uwanja ukaangua kicheko. Watu walishikana mablanketi wasidondoke. Dereva wa lori akaacha kutafuna. Kwaya yenyewe ilishindwa, sauti ya tatu yote ilikuwa inalia kwa kicheko, lakini besi walishikilia *mbona hatujamuuza* kwa nguvu zao zote, na umati ukawasaidia, wageni kwa wenyeji, wale wasiojua maneno wakipiga makofi. Ntate Khoabane aligeuka kumtazama mkewe. Mkewe hakuwa anacheka. Alikuwa anaimba akimtazama yeye tu, na kila mtu aliyewahi kupendwa aliona mapenzi yaliyokuwa machoni mwake.

Butle akaingia uwanjani. Simu mia zikainuka. Na hatua tatu kabla ya kamba, Butle akasimama, akageuza ubavu, akainua shingo.

"Jamani, shusheni simu!" Limakatso akapiga yowe. "Shusheni!" Nani amsikie? Kacha kacha kacha, bila kukoma, na Butle anangoja ya mwisho. Besi walikuwa wamebaki na neno moja tu, wanalivuta, nyuso zimewaiva, mishipa imewasimama shingoni.

Ntate Khoabane akainuka. Goti moja likalia, kisha la pili, na mstari wote wa mbele ukasikia. Akavuka kamba, akachechemea mpaka kwa Butle, akashika hatamu, akampapasa pua.

"Twende, mzee mwenzangu," akamwambia.

Wakavuka kamba pamoja. Besi wakaliachia neno, mmoja wao akaketi chini palepale. Limakatso alikuwa ameshaporomoka kutoka kwenye tandiko, amemkumbatia Butle shingoni, analia kwa furaha kama mtoto wala hajali nani anamwona.

Karani wa chama akaja na orodha yake, kalamu ikining'inia. "Ntate, sasa huyu... nimwandike?"

"Mwandike," akasema Ntate Khoabane, bado anahema, bado ameshika hatamu. Akamtazama mkewe ng'ambo ya uwanja. "Na chini yake uniandike mimi."