Mkaja wa Mama Behewa

Niliota usiku wa jana kwamba nimeshtakiwa kwa kumtorosha binti wa watu. Binti mwenyewe ni behewa la treni, urefu wake haufiki mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, na mimi nilikuwa nimeshamkata mbele kwa msumeno.

Nieleze kidogo, maana ndoto haikuanzia hewani. Mimi hutengeneza treni ndogo za mezani. Mama yangu, Bi Mwanahawa, alipoolewa alitolewa Korogwe akapelekwa Tanga kwa gari la mvuke la ajabu: behewa moja tu, kichwa chake kimo humohumo ndani, halivutwi na mtu. Mfano wake hauuzwi popote. Basi nikachukua kichwa cha treni ya mtumba, nikachukua behewa moja kati ya matatu niliyokuwa nayo, nikakata, nikachomeka, nikabandika kifuniko cha kalamu kuwa bomba la moshi. Likapendeza mpaka nikamwita mke wangu Mwantumu aje aone, na alipoondoka nikamwita tena.

Kasoro ilikuwa moja. Kwenye mnyoofu lilikwenda, kwenye kona lilianguka. Na mama alikuwa anakuja asubuhi kuliona. Presha ya macho inamla taratibu, daktari kasema kinachoondoka hakirudi. Nililala na hasira.

Sasa niko stesheni ya Korogwe, ila stesheni iko chini ya meza yetu ya chakula. Mabehewa mawili niliyoyaacha yamekaa mkekani. Kubwa ndiye mama mtu. Lile dogo la mizigo ni mjomba. Wote wamenuna.

"Kijana," anasema mjomba, "binti yetu yuko wapi?"

"Yuko juu mezani. Ana bomba la moshi siku hizi."

"Tumesikia. Posa ililetwa na nani?"

Nikamjibu kwamba mimi ni fundi, na fundi haposi, fundi anakata. Mama mtu akajifuta kioo cha dirisha kwa upande wa khanga.

"Ndiyo maana hapindi kona," akasema. "Kwenye mnyoofu bado anatuona. Akipinda atatupa mgongo, na hatujamuaga. Nimemlea mwenyewe, hana tabia hiyo."

Nilifurahi kupita kiasi. Wiki nzima nilikuwa nasugua magurudumu kwa msasa, kumbe kilichopungua ni adabu. Nikaomba niruhusiwe kuposa hapohapo.

Bisibisi anajitolea kuwa mshenga. Amevaa kanzu inayompwaya, na kila akisema neno anazunguka, ndivyo alivyozoea kazi. Nyuma yake bwana harusi, yaani kile kichwa cha mtumba, anatokwa na jasho la mvuke.

"Kijana wetu," anasema Bisibisi, "amekuja kutafuta jiko."

"Jiko analo," anasema mjomba. "Nalisikia linachemka kutoka hapa."

"Basi anatafuta mke."

"Hapo sawa. Kilemba changu kiko wapi?"

Natoa kifuniko cha soda mfukoni. Mjomba anakivaa, kinamkaa sawasawa, anaanza kuongea kwa upole kama mtu mwingine kabisa.

"Na mkaja wangu?" anauliza mama mtu.

Hapo nikakwama. Mkaja ni haki ya mama mzazi, shukrani ya mkanda aliojifunga tumboni alipojifungua. Hauna mbadala. Nageuka kukimbilia duka la khanga, na duka ni ukumbi wa hospitali ya macho. Mama yangu yuko kwenye foleni, mkoba mapajani. Muuguzi ni saa ya ukutani.

"Mama yako akiitwa, tunamzima macho," inasema saa. "Sisi hatusubiri mtu apinde kona."

 Najipapasa mwili mzima, naipata simu yangu. Kifuniko chake cha nyuma kilipotea zamani, betri imeshikiliwa na raba bendi.

"Usinivue," inasema simu. "Ukinivua nakufa."

"Utafufuka."

"Halafu asubuhi nani atakuam—"

Nikaivua. Nilikimbia nikipita juu ya reli, juu ya sahani, juu ya kopo la sukari, nikapiga magoti mbele ya mama mtu na kumfunga ile raba bendi kiunoni. Nikaizungusha mara mbili, nikahofia nimembana.

"Ndivyo unavyofungwa," akasema. "Haya, mwanangu, nenda. Pinda."

Magurudumu yote ya stesheni yakapiga vigelegele. Mara nimo ndani ya gari, nimekaa dirishani, kona inakuja, nami nacheka peke yangu kama mwehu. Tunapinda.

Niliamshwa na Mwantumu. Jua lilikuwa limepanda.

"Mama mkwe kafika zamani, yuko mezani. Hiyo simu yako haikulia leo?"

Haikulia. Ilikuwa sakafuni, betri kando yake, na raba bendi haikuonekana hata chini ya godoro. Nikatoka na shati mkononi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Liwashe, baba, nimekaa karibu."

Nikawasha. Gari likaenda mnyoofu, likafika kona, likapinda. Likapinda na ya pili, likazidi kuzunguka, bomba lake la kalamu limesimama wima. Mama aliinamisha uso mpaka pua ikakaribia reli. Akacheka.

"Dirisha langu lilikuwa hili," akasema. "Mama yangu alibaki stesheni, nikamwangalia mpaka kona ikamficha."

Nikalipunguza gari mwendo. Yeye akanyoosha mkono kwenye rafu iliyo ubavuni mwake, mahali ninapoweka mabehewa yaliyobaki, akalipapasa lile kubwa. Vidole vyake vikasimama katikati.

"Na huyu," akauliza, "nani kamfunga mkaja?"