Kitufe Kisicho na Jina

Rukaya hakutaka tena mtu amjazie fomu. Mwaka jana alijaziwa, na matokeo yake aliyaona.

Aliyemjazia alikuwa binamu yake Mudathir, dereva wa bodaboda pale Mzenga, kijana mwenye huruma iliyopitiliza. Kwenye mfumo wa maombi ya ajira za ualimu, palipoulizwa kama mwombaji ana ulemavu, Mudathir alijibu hapana. Alikuwa anamsitiri dada yake, kama ukoo mzima ulivyozoea kufanya wageni wakija. Rukaya akaitwa kwenye usaili, akaingia na fimbo yake nyeupe, akaambiwa taarifa zake ni za uongo. Jina likakatwa.

Sasa nafasi zilikuwa zimetangazwa tena, na leo saa kumi jioni ndiyo ilikuwa mwisho wa kutuma. Simu ya Rukaya humsomea kila anachogusa, na akikigusa mara mbili kinabonyezwa. Kwa sauti hiyo alisoma hadi akapata stashahada. Lakini kwenye ukurasa wa mwisho wa fomu simu ilijua neno moja tu: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kipi cha ndiyo, kipi cha hapana, kipi cha kutuma, haikusema.

Ndiyo maana saa saba mchana alikuwa Kibaha, katika ofisi inayosimamia mfumo huo, vumbi la barabara ya Mlandizi likiwa bado kwenye mtandio wake na Mudathir kasimama nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Silvanus, mkuu wa dawati la msaada, alimsikiliza hadi mwisho. "Hilo mbona dogo. Kijana wako huyu ana macho. Akubonyezee."

"Alishanibonyezea. Muulize."

Mudathir akakohoa. "Mzee, mimi niacheni tu."

"Basi nikujazie mimi. Dakika tano."

"Uongo ukiingia humo, wa kuulizwa ni mimi. Nitajaza mwenyewe."

"Mwanangu, maelfu wanautumia mfumo huu. Hajalalamika hata mmoja."

"Wasioweza kuutumia walalamikie wapi, mzee? Sanduku la maoni mmeliweka humo humo ndani."

Mudathir akageukia ukutani ili asionekane anacheka. Rukaya akazima mwanga wa kioo cha simu, kikabaki cheusi, akamwekea Silvanus simu mkononi.

"Fomu yangu iko hapo. Chagua ndiyo, kisha tuma."

Silvanus akagusa. "Kitufe," simu ikasema. Akahamisha kidole. "Kitufe." Akavua miwani, kana kwamba ndiyo iliyomzuia kusikia. Akagusa mara mbili, kwa kubahatisha.

"Fomu imefutwa," simu ikasema.

"Nimefuta kazi yako," Silvanus alisema taratibu.

"Jana niliifuta mimi mwenyewe, mara tatu. Nitaijaza tena. Lakini kwanza vitufe vipewe majina."

Silvanus akanyanyua simu ya mezani akamwita Aneth, binti aliyeutengeneza mfumo. Aneth akaja na kompyuta yake, akaangalia, akauma mdomo.

"Niliviwekea picha tu. Majina sikuandika." Akamtazama mkuu wake. "Ila kubadilisha kunahitaji kikao. Jumatatu."

"Kibali natoa mimi. Kaa hapa."

Ilichukua saa nzima. Aneth aliandika, Rukaya aligusa na kusikiliza, na hakumwonea haya.

"Hiki umekiita kitufe cha pili. Cha pili kwa nani? Kiite kwa kazi yake."

"Sawa, dada."

"Na hiki cha kufuta kikae mbali na cha kutuma. Mzee hapa ni shahidi."

"Kabisa," Silvanus alisema.

Saa tisa kasorobo Rukaya alianza fomu upya: shule aliyosoma, mwaka, namba ya cheti. Mudathir akamsogelea. "Dada, nikushikie..."

"Shika mkoba."

Alipofika kwenye swali la ulemavu, akagusa mara mbili. "Ndiyo. Imechaguliwa," simu ikasema. Akairudisha isome tena, kwa sauti kubwa zaidi, ili binamu yake asikie. Mudathir alisikia. Akaukumbatia mkoba.

Saa kumi kasoro dakika sita. "Kitufe: tuma maombi."

Akagusa mara mbili.

"Maombi yamepokelewa."

Silvanus akashusha pumzi, Aneth akafunga kompyuta. Rukaya bado alikuwa amekaa.

"Ukurasa wa kubadili nywila," alisema, "nao una vitufe vitatu vya namna hii."

Aneth akaifungua tena kompyuta. "Anza na cha kwanza, dada."